Jua la Mchezoni Halimlazi Mtoto

Wapo vijana wanaochelewa kulala si kwa homa wala kwa masomo, bali kwa sababu wanangoja mvua inyeshe. Mvua hiyo hainyeshi nje, inanyesha ndani ya mchezo wa kompyuta. Hebu tulieleze jambo hili, ili mzazi ajue anachokataza na mtoto ajue sababu.

MCHEZO WENYE JUA LAKE

Ipo michezo ichezwayo na watu wengi pamoja kwa njia ya intaneti. Kila mchezaji humwongoza mhusika wake, awe mpiganaji, mganga au mvuvi. Humo mna mchana na usiku, ukungu, mvua na radi, wala si pambo tu. Mfano ni Final Fantasy XIV, mchezo wa kampuni ya Square Enix ya Japani, uliozinduliwa upya mwaka 2013. Siku nzima ya humo hupita kwa dakika 70 za saa yetu, na hali ya hewa huweza kubadilika kila baada ya dakika 23 hivi. Wapo samaki wasiovuliwa ila kwa saa fulani na hali ya hewa fulani. Anayewataka hana budi kungoja.

Kijana akicheza kuanzia saa 3 usiku hadi saa 6, siku za mchezoni zimekwisha mbili na zaidi. Jua likizama tu, liko karibu kuchomoza tena. Hakuna machweo yanayomwambia: sasa kalale.

SAA YA MWILI

Mwili nao una saa yake, yenye mzunguko wa karibu saa 24. Hurekebishwa hasa na mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouandaa mwili kulala. Mwanga wa kioo cha simu au kompyuta huichelewesha. Usiku wa mchezoni hausaidii kitu, maana kioo bado kinawaka na akili bado ina hamu.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Akiukosa husinzia darasani, hukasirika upesi na kusahau masomo.

TUFANYE NINI?

1. Tusimwambie "ukimaliza ulale", kwani mchezo huo hauna mwisho. Tufuate saa ya ukutani.

2. Hali ya hewa ya mchezoni hupangwa kwa hesabu, na wachezaji huweza kuijua mapema. Basi kijana achague saa ya samaki wake Jumamosi mchana.

3. Apewe dakika 10 za kuwaaga wenzake, ambao ni watu kweli.

4. Kioo kizimwe saa moja kabla ya kulala, na simu ikae chumbani kwa wazazi.

5. Asubuhi atoke nje apate mwanga wa jua.

Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linatambua ugonjwa wa michezo hii. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea ingawa unamdhuru, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Mtoto wa namna hiyo asipigwe. Aletwe hospitali, tuzungumze naye pamoja nanyi.