UGONJWA WA OVARI: SI LAANA WALA SI UTASA



Askari akirudi nyumbani kwa likizo, mara nyingine hukuta baraza la ukoo limekwisha kukaa na hukumu imekwisha kutolewa: mke wake ni ingumba, yaani tasa, na yafaa atafutwe mwingine. Ushahidi uliotumika ni kwamba hedhi ya mama huyo hukatika miezi miwili au mitatu, kidevuni mwake huota nywele ngumu, chunusi hazimwishi, uzito umeongezeka kiunoni, na mimba haiji. Wako pia askari wanawake wanaozificha dalili hizo hizo kwa kuogopa kuchekwa na wenzao.

Kabla hukumu hiyo haijatekelezwa, yapasa mshitakiwa asikilizwe. Dalili tulizozitaja zaweza kuwa za ugonjwa unaojulikana na unaotibika. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliueleza katika maandishi ya kitabibu. Leo Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba wengi wao hawajui kuwa wanao.

Jina lake la kitaalamu husema kwamba ovari, yaani viungo viwili vinavyotunza mayai ya uzazi, zina uvimbe mwingi. Jina hilo hupotosha. Vinavyoonekana katika picha ya hospitali ni vijifuko vya mayai ambayo hayakukomaa. Si uvimbe wa kukatwa kwa kisu. Kwa wagonjwa wengi, mwili hauitii ipasavyo insulini, ile homoni inayoingiza sukari ya damu katika misuli. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi, nayo ile ya ziada huzichochea ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Hapo yai hukwama, hedhi huvurugika, na nywele huota mahali zisipotakiwa. Aidha, mama huyo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari.

Tukifahamu chanzo hicho, tutaona kwa nini chakula kina kazi kubwa. Tazameni sahani ya melanje inayouzwa mchana katika migahawa ya Kigali: wali, viazi, ndizi, tambi na ugali vimerundikwa pamoja, na maharage yamewekwa pembeni kama mgeni. Vyakula hivyo vya wanga vyote hugeuka kuwa sukari. Kisha huteremshwa kwa Fanta, au kwa chai yenye sukari vijiko vinne. Sahani hiyo yafaa ipangwe upya. Nusu yake iwe mboga, kama vile dodo, kabichi au isombe. Robo iwe maharage, mayai au sambaza wa Ziwa Kivu. Na robo tu iwe ya wanga wa aina moja. Kinywaji kiwe maji. Hakuna chakula cha ajabu cha kuagizwa ng'ambo: mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 juu ya ugonjwa huu wasema kwamba hakuna mpango mmoja wa chakula uliothibitika kuipita mingine yote. Mboga za akarima k'igikoni, ile bustani ndogo iliyo nyuma ya nyumba, zatosha kuanzia.

Jambo la pili ni mazoezi. Wataalamu hushauri dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa ya kutembea kwa haraka katika siku 5. Vilima vya Kigali ni uwanja tosha. Mwenye uzito mkubwa akipunguza sehemu 5 hadi 10 katika kila 100 za uzito wake, hedhi yaweza kurudi katika utaratibu. Kwa mama wa kilo 80, hizo ni kilo 4 hadi 8. Kazi hii huchukua miezi, wala haimhusu mnene peke yake. Hata mwanamke mwembamba hupatwa na ugonjwa huu, na chakula bora na mazoezi humfaa.

Sasa tuje kwenye dawa za miti shamba. Wazee wetu walizijua dawa nyingi, na haifai kuwadharau. Metformini, dawa ya hospitali ambayo madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa hawa, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Lakini mmea wenyewe una sumu ya kudhuru mifugo. Ilibidi wataalamu wachunguze, watengeneze na wapime, hata Jean Sterne wa Paris alipotangaza matokeo ya dawa hiyo kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Mdalasini na uwatu navyo vimejaribiwa, lakini majaribio hayo ni madogo na ushahidi wake hautoshi. Kuvitia katika chakula si kosa. Kosa ni kuuziwa chupa isiyojulikana kilichomo, kwa ahadi ya kusafisha kizazi, huku mama akiacha matibabu yake. Dawa isiyopimwa yaweza kuharibu ini na figo, na hata kudhuru mimba ambayo mama hajaitambua.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni kwa daktari. Hedhi isiyoonekana kwa zaidi ya miezi mitatu haifai kupuuzwa, kwa kuwa utando wa ndani ya mji wa mimba ukizidi kujijenga bila kutoka, baada ya miaka waweza kuzaa saratani. Daktari atapima damu na kuangalia ovari, na anayetaka mtoto aweza kupewa dawa ya kulikomaza yai. Bima ya MMI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, ni ya askari pamoja na jamaa zao, yafaa itumiwe.

Mume naye aende kupimwa. Mimba isipopatikana, sababu yaweza kuwa kwa mwanamume, na mara nyingi huwa hivyo. Kumpima mke peke yake ni kuchunguza nusu ya kesi. Wanawake wengi wenye ugonjwa huu huzaa wakipata matibabu na subira ya nyumbani.

Polisi hamfungi mtu kwa uvumi wa majirani, wala kamanda haanzi mapigano bila upelelezi. Kanuni hiyo wanayoifuata kazini, askari wetu na waifuate pia mlangoni kwao, kabla ya kumrudisha binti wa watu kwa wazazi wake kwa kosa ambalo hakulitenda.