Mlo wa Mimea kwa Kipato Kidogo: Mambo ya Kuzingatia kwa Kaya za Mapinga

Katika Kata ya Mapinga, Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo mkoani Pwani, kama ilivyo katika maeneo mengi ya mwambao, nyama haipikwi kila siku katika kaya zenye kipato kidogo. Muhogo, kunde, mbaazi, matembele, kisamvu na nazi ndivyo vyakula vinavyojaza sufuria. Wapo pia wananchi wanaoacha nyama kwa hiari, kwa mfungo au kwa ushauri wa daktari. Kwa makundi yote hayo, swali ni moja: je, mlo wa mimea peke yake unatosha kuilinda afya ya familia?

Swali hilo lina uzito. Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulibaini kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Hali hizo mara nyingi hutokea hata pale ambapo tumbo limeshiba, kwa sababu kushiba si sawa na kulishwa vema.

Muhogo ni mfano wa wazi. Zao hili hustahimili ukame na huupa mwili nguvu, lakini lina protini kidogo sana. Kaya inayokula ugali wa muhogo kwa mboga chache huwa imepata wanga na kukosa vijenzi vya mwili. Dawa yake ni kuongeza kunde, choroko, mbaazi, njugu mawe au maharage katika mlo wa kila siku.

Vyakula hivyo vya jamii ya kunde ndivyo ngao ya mwenye kipato kidogo. Kilo moja ya kunde kavu ina takribani gramu 230 za protini, ilhali kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mfupa ina takribani gramu 200. Aidha, kunde kavu huongezeka uzito zaidi ya mara mbili zinapopikwa na huhifadhika kwa muda mrefu. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 huhitaji takribani gramu 50 za protini kwa siku. Gramu 100 za kunde kavu na gramu 300 za unga wa dona humpatia karibu kiasi hicho. Nafaka na kunde huliwa pamoja kwa sababu kila kimoja hufidia upungufu wa kingine, hivyo wali kwa kunde za nazi ni mlo wenye mantiki ya kilishe. Dona hupendekezwa kuliko sembe kwa kuwa sembe huondolewa pumba na kiini chenye virutubishi.

Kuhusu upungufu wa damu, madini ya chuma yaliyomo katika mimea hufyonzwa na mwili kwa shida kuliko yale ya nyama. Hata hivyo, vitamini C husaidia sana. Inashauriwa kula chungwa, embe, papai au nanasi pamoja na mlo, au kukamulia ndimu kwenye mboga. Chai na kahawa huzuia ufyonzwaji huo, hivyo zinywewe angalau saa moja kabla au baada ya kula.

Namna ya kupika nayo huamua faida ya chakula. Kunde na maharage yalowekwe usiku kucha na maji hayo yamwagwe; kwa kufanya hivyo huiva mapema na kuokoa mkaa. Magadi yaepukwe kwa kuwa huharibu baadhi ya vitamini. Mchicha na matembele vioshwe kabla ya kukatwa, vipikwe kwa muda mfupi na kutiwa mafuta au tui kidogo ili mwili ufaidike na vitamini A. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa kikamilifu bila kufunikwa ili kuondoa sumu yake ya asili. Karanga na mahindi yenye ukungu yasinunuliwe hata yakiuzwa kwa bei ya kutupa, kwani sumukuvu ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Pamoja na faida hizo, mlo wa mimea una mipaka. Vitamini B12, inayohitajika katika kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu, haipatikani kwa kiasi cha kutegemewa katika mimea. Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa anapaswa kupata ushauri wa mtaalamu kuhusu vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Baada ya hapo, akiendelea kunyonya, tumbo lake ni dogo na mahitaji yake ni makubwa, hivyo yai, maziwa au dagaa waliosagwa waongezwe katika uji wake. Dagaa kidogo humtosha mtoto, na si lazima familia nzima ibadili mlo.

Wajawazito wanahimizwa kuhudhuria kliniki mapema, ambako hupewa vidonge vya madini ya chuma na foliki. Watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, mwezi Juni na Desemba. Vilevile, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila robo mwaka, ambapo hali ya lishe ya watoto hupimwa na wazazi hupewa elimu. Mwananchi mwenye swali kuhusu mlo wa kaya yake anaweza kumwona mhudumu wa afya ngazi ya jamii au kufika katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu naye.