Darasa la Korona: Tuliyoyaona vijana wa Pwani tuliosomea Meru

Mwezi huu wa Aprili imetimia miaka 5 tangu darasa letu liweke kalamu chini. Sisi ndio tuliofanya KCSE ya mwaka 2020 ndani ya mwaka 2021. Ukimwambia Mkenya yeyote hivyo, anakufahamu papo hapo: "Aa, nyinyi ni wa Korona." Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp tumekuwa tukiulizana tukutane wapi. Wenzetu wa Meru wanataka Mombasa, waje waogelee. Sisi wa Mombasa tunataka Meru, kwenye baridi ileile tuliyoilaani miaka minne.

Lakini naandika kwa sababu nyingine. Tangu Gredi ya 10 ya kwanza ianze Januari, wazee watatu wa mtaani kwetu Likoni wamenijia na swali moja. Mtoto amepangiwa shule ya bara: tumwache aendelee au tumrudishe nyumbani? Mmoja wao ni mjomba wangu. Nitaeleza niliyoyaona, kila mzazi apime mwenyewe.

Wengi hudhani mtoto wa Pwani hupelekwa bara kwa makosa ya kompyuta. Sivyo. Nilipofanya KCPE mwaka 2016, nafasi za shule za kitaifa ziligawanywa kwa kaunti zote, na shule za ngazi iliyofuata zilitenga asilimia 40 ya nafasi zao kwa watoto wa kaunti nyingine. Nia ilikuwa Wakenya wachanganyike. Ndiyo maana darasa langu lilikuwa na Mmeru, Mkamba, Mborana, Mluo na sisi Waswahili watatu. Wenzangu wawili wa Kisauni waliangukia Embu.

Januari 2017 reli ya SGR ilikuwa haijafunguliwa. Ilianza kubeba abiria mwisho wa Mei mwaka huo. Kwa hivyo safari ilikuwa ya basi usiku kucha, karibu kilomita 480 hadi Nairobi, sanduku la bati likiwa kwenye buti. Asubuhi unatafuta matatu pale Tea Room, unapita Thika, unafika Makutano, unaiacha njia ya Nyeri na kushika ya Embu. Kisha Runyenjes, Chuka, daraja la Nithi, Nkubu. Marehemu bibi alinipa chupa ya uji wa chai ya tangawizi, ikapoa kabla ya Voi.

Hilo daraja la Nithi wazazi wa Pwani walilijua vizuri baadaye. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Tulikuwa tumeshamaliza shule, lakini usiku ule kila mmoja wetu alikuwa akipiga simu. Anayemshauri mzazi asiogope umbali asiisahau barabara hiyo.

Baridi ya Julai chini ya Mlima Kenya si hadithi. Maji ya kuoga saa kumi na moja alfajiri yanauma mifupa. Chakula ni githeri, na baada ya wiki mbili unaota mahamri kwa mbaazi. Ramadhani tatu mfululizo zilituangukia katika muhula wa pili. Tulikuwa Waislamu wachache, tukifuturu kwenye kona ya bwalo, na Mmeru mmoja aliyelala kitanda cha juu yangu akawa anatuwekea chai yake ya saa kumi. Hakuna aliyemwagiza.

Jambo lililonibadilisha zaidi lilitokea katika somo la Historia, Kidato cha Kwanza. Mwalimu alitufundisha kwamba masimulizi ya Wameru yenyewe yanasema walitoka Mbwaa, kisiwa cha pwani, wakiwakimbia watu walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Wako wanahistoria wanaokihusisha kisiwa hicho na Manda, jirani na Lamu. Darasa zima liligeuka kututazama. Mimi nilikuwa nikitazama neno moja tu ubaoni: nguo. Nilikuwa nimekaa wiki sita nikidhani niko ugenini kwa watu nisiowahusu, kumbe nguo kwao ni nguo, na wazee wao wanasema walitoka kwetu. Tangu siku hiyo salamu ya "Muga" haikunishinda tena.

Halafu ikaja Machi 2020. Tarehe 15 Rais alitangaza shule zifungwe. Tuliondoka tukidhani ni wiki chache, wengine wakaacha vitabu kwenye madawati. Aprili, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia hadi Julai. Masomo yalikuja kwa redio na runinga, na kwa simu kwa mwenye pesa za bando. Nyumbani kwetu simu ya kisasa ilikuwa moja, watoto wanne.

Hapo ndipo tofauti ya bara na Pwani ilipouma. Wenzetu wengi wa Meru walikuwa na shamba: chai, ndizi, ng'ombe wawili. Hali ilikuwa ngumu lakini chakula kilikuwapo. Kwetu, hoteli zilifungwa na mishahara ikakatika siku hiyohiyo. Kidato cha Nne kilipoitwa turudi tarehe 12 Oktoba, rafiki yangu wa Diani, ambaye baba yake alikuwa mpishi hotelini, hakurudi. Alikuja Januari, na deni la karo mgongoni.

Tulianza karatasi mwishoni mwa Machi 2021. Tarehe 26 mwezi huo kaunti 5 zikafungwa tena, Nairobi ikiwamo, na njia yetu ya nyumbani ilipita humohumo. Katikati ya Aprili mwezi wa Ramadhani ukaandama tukiwa bado kwenye chumba cha mtihani. Tulirudi kwetu na barua ya shule mkononi, tukiionyesha kwenye kila kizuizi. Matokeo yalitangazwa tarehe 10 Mei, siku chache kabla ya Idd. Kati ya watahiniwa 747,161, waliopata C+ na zaidi walikuwa 143,140. Rafiki yangu wa Diani alikuwa mmoja wao.

Leo anaendesha tuktuk Ukunda. Cheti chake kingali kimefungiwa kabatini kwa walimu kwa sababu ya salio la karo. Mawaziri wa elimu wamewaagiza walimu wakuu mara kadhaa wasizuie vyeti kwa deni, lakini agizo la Nairobi na kabati la shule ni vitu viwili. Miaka 5 amekuwa akiona haya kutuambia. Tumelijua juzi tu, tulipomuuliza kwa nini hachangi pesa za mkutano.

Basi haya ndiyo majibu yangu kwa mjomba. Mfumo wetu wa 8-4-4 unafika mwisho. Darasa lake la mwisho litafanya KCSE mwaka 2027. Kuanzia Gredi ya 10 hadi ya 12 ni miaka mitatu, na mtoto huchagua mkondo: sayansi, masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Ikiwa shule ya bara ina mkondo anaoutaka, na ya karibu haina, mwache akae. Lakini kabla ya hapo fanya hesabu yote: karo, nauli mara sita kwa mwaka, sweta mbili, na akiba ya siku mambo yatakapoharibika. Salio likibaki, nenda mwenyewe ukaongee na shule mapema, uandikiane nao. Usimwachie mtoto deni alibebe kwa aibu.

Na mkutano wetu tumeuahirisha. Pesa zilizochangwa zinapelekwa Meru mwezi ujao, na watakaozipeleka ni wawili: mimi, na yule Mmeru wa kitanda cha juu. Tukirudi na cheti, tutakula samaki Ukunda.