Gari la Kuchezea Lapata Tabibu Embu

Mtoto wa Pwani akiokota kipande cha ubao na kitambaa kikuukuu, huchonga ngalawa. Mtoto wa Embu au Meru akiokota waya na kopo, huunda gari. Kila mmoja huiga kile kinachopita mbele ya macho yake kila siku. Huku kwetu ni tanga. Kule chini ya Mlima Kenya ni barabara ile inayopanda na kushuka kutoka Embu, Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru mjini, ambayo usiku na mchana haikosi malori na pikapu.

Magari hayo ya waya msomaji ameyaona, au hata ameyasukuma. Fremu ni ya waya uliokunjwa kwa mkono, magurudumu hukatwa katika nyayo za ndara zilizochakaa, na usukani ni waya mrefu unaomfika mtoto kifuani, ili aendeshe huku akikimbia. Lakini watoto wa Meru na Embu hawaridhiki na gari linalotembea tu. Hulitia springi za waya uliosokotwa, hulipa turubai, na wengine hulifunga mzigo wa majani nyuma ili lifanane na zile pikapu za miraa zitokazo milima ya Nyambene, ambazo hukimbizana na saa kwa sababu mzigo wake ukilala siku mbili tu thamani yake imekwisha. Gari likivunjika, mtoto halitupi. Huketi chini, akalifungua, akaliunda upya likawa bora kuliko lilivyokuwa. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya mafundi wengi wa sehemu hizo, na haina karo.

Nimeyataja haya kwa sababu hivi karibuni nilishuhudia shule hiyo ikifanyiwa mtihani mgumu.

GARI KUTOKA MUSCAT

Watoto wa dada yangu, hapa Mombasa, waliletewa zawadi na ami yao aliyeko Muscat: lori dogo linaloendeshwa kwa rimoti, urefu wake kama nusu mita, matairi yake manene kama maandazi. Halikuwa kama vile vigari vya dukani vinavyokwenda kwa betri. Lori hili lilikuwa na injini ya kweli, yenye pistoni moja isiyozidi ncha ya kidole gumba, yenye kabureta, klachi, gia na egzosti. Betri zake zilikuwa za redio tu, ya kupokea amri za usukani na mafuta.

Injini za namna hii ni vitu vya ajabu. Huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika moja, na lori lenyewe huweza kwenda mbio za kilomita 60 kwa saa. Hazitumii petroli. Mafuta yake ni mchanganyiko wa vitu vitatu: methanoli, ambayo ndiyo nyingi; nitromethani, inayoongeza nguvu; na oili ya kulainisha, mara nyingi ikiwa ni ya nyonyo. Wala hazina plagi ya cheche kama ya pikipiki. Plagi yake ina kijiwaya cha platinamu kilichozungushwa. Wakati wa kuwasha hupashwa moto kwa betri ndogo, na injini ikishaamka betri huondolewa. Methanoli ikigusana na platinamu, pamoja na joto la mlipuko uliotangulia, hukifanya kijiwaya kibaki chekundu chenyewe. Ni mwaka 1947 Mmarekani Ray Arden alipoanza kuuza plagi za namna hiyo, na wapenzi wa ndege ndogo za kuchezea wakaachana na mzigo wa koili na betri angani.

Watoto walilikimbiza mwezi mmoja, kisha wakalisahau uvunguni likiwa na mafuta tumboni. Likakaa hivyo miaka miwili. Methanoli ina tabia ya kunywa maji yaliyomo hewani, na hewa ya Mombasa, kama tujuavyo, haina uchoyo wa maji wala wa chumvi. Beringi zikashika kutu, oili ya nyonyo ikaganda kama gundi, na pistoni ikakwama juu kabisa ya silinda. Mafundi wawili wa hapa mjini walilitazama wakacheka. Wakasema hicho ni kitu cha kuchezea, nunueni kingine.

FUNDI WA MISUMENO

Nilikuwa na safari ya kikazi ya Embu na Meru, nikalitia lori katika kikapu. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja karibu na Majengo ya Embu, jina ambalo mtu wa Pwani hulikuta katika miji mingi ya bara na kila akilisikia hujiona hajapotea. Fundi huyo kazi yake ilikuwa kutengeneza misumeno ya mashine ya kukatia miti. Februari 2018 Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, wateja wake walipungua, akageukia mashine za kukatia majani na zile za kunyunyizia dawa mashambani. Nyingi ya mashine hizo ni jamaa wa injini ya lori letu: hazina vali, na oili yake huchanganywa katika mafuta.

Alilipindua lori mara mbili, akalinusa, akasema, "Mzee, hili halijafa. Limelala na njaa na matope mdomoni."

Hakulilazimisha. Vijana wengine wangeshika koleo wakaizungusha injini kwa nguvu, na hapo pistoni ingejikwaruza na kwisha. Fundi alieleza kuwa silinda ya injini hizi hufanywa nyembamba kidogo upande wa juu, ili ikipata joto itanuke na kuikaa pistoni sawasawa. Kwa hiyo ikikwama ikiwa baridi, dawa yake ni joto. Kwanza aliyamwaga mafuta yote ya zamani, akaiosha injini na kuiacha ikauke. Kisha akaazima mashine ya kukaushia nywele katika saluni ya jirani, akaipuliza injini kwa dakika kadhaa. Alipolizungusha gurudumu la nyuma ya injini kwa vidole viwili, likaachia kwa sauti ndogo kama ya kufungua chupa ya soda.

Beringi mbili zilikuwa hazifai tena, akazibadilisha. Kabureta aliifungua yote na kuipuliza njia zake. Mpira wa mafuta ulikuwa umepasuka, na plagi imekatika kijiwaya. Vyote viwili, pamoja na lita moja ya mafuta, vililetwa kutoka Nairobi kwa watu wanaorusha ndege ndogo. Chujio la hewa alilishona upya kwa sponji iliyolowekwa oili, akisema vumbi la Embu ni msasa, na injini ndogo haina nyama ya kusaga.

BREKI KABLA YA MBIO

Nilitazamia kuwa baada ya hapo ataongeza nguvu, kwa kuwa wale watoto walikuwa wameniagiza hivyo hasa. Badala yake alianza na breki. Katika barabara ile watu hawaulizi kwanza gari linakimbia vipi, huuliza linasimama vipi. Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia katika mto Nithi na watu zaidi ya 30 wakafariki dunia. Wengi wa marehemu walikuwa abiria wa kuja kwetu, na wengi waliowaopoa walikuwa watu wa huko. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia.

Lori dogo nalo lina hatari yake. Betri za redio zikiisha likiwa mbioni, kabureta hubaki wazi na lori hukimbia bila ya bwana mpaka ligonge mguu wa mtu au ukuta. Fundi alifunga springi nyembamba iliyotoka katika kabureta ya msumeno, ili nguvu ya redio ikikatika, springi iivute kabureta ijifunge. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko kikombe cha chai. Ndipo akaimarisha shokamzoba kwa springi nene zaidi na kutia oili nzito ndani yake.

Ikabaki bodi, kwani ile ya plastiki ilikuwa imevunjika. Vijana wa karakana walipendekeza pikapu ya muguka, na maringo yake yote. Nikawaambia kwamba Mei 2024 kaunti yetu ya Mombasa ilitangaza marufuku ya muguka unaotoka kwao Embu, jambo likafika mahakamani. Je, mimi niiingize Mombasa uvunguni mwa kitanda cha dada yangu? Wakacheka sana, na fundi akacheka kuliko wote. Tukaafikiana liwe lori la maembe, zao ambalo Embu na Pwani hawana ugomvi juu yake. Fremu ikawa ya waya, kama ya magari ya watoto, na turubai ya kitambaa chepesi, maana bati lingelemea na kuiunguza klachi.

SUMU YENYE RANGI YA SHARUBATI

Kila kitu kilipokuwa tayari, fundi aliitoa chupa ya mafuta katika sanduku lenye kufuli. Mafuta hayo yalikuwa mekundu kama sharubati ya waridi. Mtu mmoja aliyekuwa akipita alisimama, akanusa, akauliza kwa mzaha kama anaweza kuonjeshwa kidogo. Fundi hakucheka. Alifunga kifuniko, akairudisha chupa sandukuni, akangoja mpaka yule mtu akaenda zake.

Sababu yake watu wa Embu wanaijua. Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za Kenya, na Embu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Wengine walinusurika lakini hawakuona tena. Halikuwa jambo la kwanza: Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100. Fundi aliniambia kwamba mwaka ule wa 2014 alimzika jirani yake, na kwamba tangu siku ile hairuhusu methanoli ilale karakanani bila kufuli.

Sisi tulioharamishiwa ulevi tunaweza kudhani hayo hayatuhusu. Tusidhani hivyo. Methanoli haiulizi mtu ameinywa kwa nia gani. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo huchafua damu na kushambulia mishipa ya fahamu ya macho. Dalili zake huchelewa kwa saa nyingi, hivyo mgonjwa hudhaniwa mzima mpaka wakati umepita. Huweza hata kupenya ngozi. Na ikishika moto, mwali wake mchana hauonekani. Mtu huhisi anaungua kabla hajaona chochote. Katika nyumba ya watoto, chupa nyekundu yenye harufu tamu isiyo na kufuli ni msiba unaosubiri mwenyewe.

Fundi alinipa rai mbili. Ya kwanza, aiondoe injini kabisa atie mota ya umeme na betri, kama yalivyo mengi ya magari ya namna hii siku hizi. Sumu itoke nyumbani moja kwa moja. Ya pili, injini ibaki, lakini mafuta yawe na mlinzi. Nilimpigia simu dada yangu, kwa kuwa nyumba ni yake. Alifikiri, akajibu: hiyo lita moja iliyokwisha nunuliwa itumike, ufunguo ukae kwake, na ijazwe na mtu mzima tu. Ikiisha, itiwe mota.

HEWA YA BARA, HEWA YA PWANI

Lori liliwashwa Embu kwa kipimo cha kabureta kile kile kilichotumika Mombasa, likatoa moshi mzito, likakohoa na kuzima. Kosa halikuwa la injini. Embu iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,350, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko yetu kwa kama sehemu moja ya nane. Mafuta yalikuwa yale yale lakini hewa imepungua, basi injini ikavimbiwa. Fundi aliikaza sindano ya kabureta kidogo kidogo, akisikiliza kwa kichwa kilichoinama, hata sauti ikawa kali na moshi ukawa mwembamba wa samawati. Siku ya pili tulikwenda pamoja Meru, alikokuwa na misumeno ya kupeleka. Huko ni juu zaidi, kama mita 1,500, akakaza tena kidogo mno.

Tulilikimbiza baada ya swala ya Alasiri katika uwanja wa udongo. Watoto waliacha magari yao ya waya wakasimama mstari. Mmoja, asiyefika miaka kumi, hakuliangalia likikimbia. Alingoja lisimame, akainama chini yake kutazama ile springi ya kabureta, akauliza imefungwa wapi.

Kabla ya kuagana, fundi alinionya juu ya safari ya kurudi. Lori likishuka Mombasa na kipimo cha Meru, hewa nzito ya Pwani itazidi mafuta, injini itakosa oili, itapata joto kupita kiasi na kufa kifo kisicho na dawa. Akakata kipande cha karatasi, akaandika mizunguko ya sindano kwa kila mji, akakibandika chini ya turubai. Mstari wa mwisho unasema: "Mombasa, legeza kabla ya kuwasha."

Karatasi hiyo ipo hadi leo. Lita nayo bado nusu, na ufunguo yuko nao mama mwenye nyumba.