Faktire imefika kwa barua-pepe: ipime mbele ya kuifungua

Kooperative nyingi za kahawa na kakao za Kivu zinapokea oda, kontra na faktire kwa barua-pepe, kwa sababu wanunuzi wako mbali, Ulaya ao Marekani. Wezi nao wanajua. Wanatuma barua yenye jina la mnunuzi, na ndani yake kuko faili inayoitwa «faktire». Sekretere anaifungua, haoni kitu, anaendelea na kazi. Kumbe programu ya wizi imekwisha kuingia katika ordinatere na kuchukua neno la siri. Sasa mwizi anasoma barua zenu kimya kimya, anangoja. Siku mnunuzi anataka kulipa kontena, anapokea barua kutoka anwani yenu ile ile: «Tumebadilisha konti ya banki.» Feza ya mavuno ya wanamemba wote inakwenda kwingine.

Kuko chombo cha bure cha kusaidia. Kinaitwa VirusTotal, kilianza Uhispania mwaka 2004, na tangu 2012 ni mali ya Google. Kinapima faili moja kwa programu zaidi ya 60 za kutafuta virusi, zote mara moja. Ni kama kupeleka kahawa yako kwa waonjaji 60, si mmoja tu.

Namna ya kufanya: faili usiifungue, ihifadhi tu. Ingia virustotal.com, chagua ile faili, ngoja kidogo. Juu ya mega, msiogope sana: kama faili ile ile ilikwisha kupimwa na mtu mwingine, mara nyingi chombo kinaitambua na kutoa jibu bila kuipakia yote.

Jibu linakuja kwa hesabu. Programu 30 zikisema ni mbaya, basi, futa. Moja ao mbili zikilalamika, inawezekana zimekosea, lakini usifungue mbele ya kuuliza aliyetuma. Na sifuri? Hapa ndipo watu wanadanganyika. Virusi vilivyotengenezwa jana vinaweza kupita bila programu yoyote kuvijua. Zipu iliyofungwa kwa neno la siri pia haisomeki ndani, na wezi wanaipenda sana kwa sababu hiyo. Tena tazama mwisho wa jina: «faktire.pdf.exe» si faktire hata kidogo, ni programu.

Jambo moja ambalo watu wengi hawaambiwi: faili unayopakia pale haibaki siri. Inagawiwa kwa kampuni za usalama, na wateja wanaolipa wanaweza kuichukua. Kwa hiyo liste ya wanamemba na namba zao za simu, karatasi za banki, kontra yenye bei, hizo hapana kuzipeleka kule. Kama barua yenye mashaka inaonekana kuwa na siri za kweli za kooperative, afadhali kumpigia simu aliyetuma kuliko kuipima.

Na simu hiyo ipigwe kwa namba iliyo katika kontra ya zamani, si ile iliyoandikwa chini ya barua mpya, maana kule atakayeitika ni mwizi mwenyewe. Elezeni na mnunuzi wenu tangu sasa, mbele ya mavuno: akisikia konti imebadilika, asilipe kitu mpaka asikie sauti ya prezida ao ya mwenye kutunza feza.