Je, Wajua? Selfie Hupanua Pua
Selfie iliyopigwa simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni huonyesha pua pana kwa takriban asilimia 30 kuliko picha iliyopigwa kwa umbali wa mita 1.5. Pua iko karibu na lenzi kuliko masikio, hivyo hukuzwa zaidi.

• Mwaka 2017, asilimia 55 ya madaktari wa upasuaji wa uso waliohojiwa Marekani walisema wamepokea watu waliotaka kurekebishwa sura ili wapendeze kwenye selfie.

• Baadhi ya wateja humpelekea daktari picha zao wenyewe zilizopitishwa kwenye filta: ngozi isiyo na hata kitundu cha kinyweleo, macho yaliyopanuliwa, kidevu kilichochongwa.

• Nchini Norwei, tangu Julai 2022, tangazo lenye picha ya mwili uliobadilishwa umbo, ukubwa au ngozi lazima liwekwe alama. Sheria hiyo inawabana pia watu maarufu wanaolipwa kutangaza bidhaa mitandaoni.

• Tangu Mei 2021, mtumiaji wa Instagram anaweza kuficha idadi ya laiki, kwenye picha zake na za wengine.