"Milele" ya Miaka Miwili: Safari Katika Nchi ya Dhahabu ya Kakamega

Waswahili husema ahadi ni deni. Msemo huu tunautumia kila siku, aghalabu tunapomkumbusha rafiki pesa alizokopa, na kwa sababu hiyo tumeusahau uzito wake. Mimi nilikumbushwa uzito huo nilipoizuru nchi ya dhahabu ya Kakamega, sehemu kwa gari na sehemu kubwa kwa miguu, nikifuata nyayo za mbio za dhahabu za miaka ya 1930. Nilikwenda kuchunguza majina ya mahali, kwani hiyo ni sehemu ya kazi yangu. Nilirudi nikiwa na neno moja lililokataa kunitoka akilini, nalo ni neno "milele".

Anayetoka Kisumu kwenda Kakamega husafiri kiasi cha kilomita 50. Barabara hupanda vilima vya Maragoli, hupita Majengo, Mbale na Chavakali, kisha huteremka hadi mto Yala. Abiria wengi ndani ya matatu huuvuka mto huo bila hata kuutupia jicho. Hata hivyo, ni katika mchanga wa mto huo na vijito vya eneo hili ndipo ilipoanza habari yote. Mwaka wa 1931 mlowezi mmoja Mmarekani, L. A. Johnson, aligundua dhahabu huku, na muda si muda habari zikawafikia walowezi wenzake kote nchini.

Ni muhimu msomaji aelewe hali ya wakati ule. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulikuwa umeangusha bei ya mahindi na kahawa, nzige walikuwa wameshambulia mashamba, na walowezi wengi walikuwa wamezama katika madeni. Kwao chembe za manjano ndani ya karai zilikuwa wokovu. Katika muda usiozidi miaka miwili mamia ya wazungu walikuwa wamepiga mahema katika wilaya iliyoitwa Kavirondo ya Kaskazini, na Waafrika kwa maelfu wakaajiriwa kuwachimbia. Vigingi vya kuweka mipaka ya machimbo vilikitwa mashambani, kando ya nyumba, na hata mahali palipozikwa wazee.

Kutoka Khayega nilishika njia ya Shinyalu hadi Isecheno, ukingoni mwa Msitu wa Kakamega, na hapo nikaanza kutembea. Njia ya miguu hupita chini ya miti mikubwa, nyani wakikutazama kwa dharau, na kuishia juu ya kilima cha Lirhanda. Kutoka kileleni msitu huonekana ukiwa umetandazwa kama zulia. Ubavuni mwa kilima kuna handaki lililochimbwa na watafuta dhahabu wa zamani. Siku hizi wenye handaki hilo ni popo. Watalii huingia na tochi, hupiga picha, hucheka wanaporukiwa na popo, kisha huondoka. Hapakuwa na kibao hata kimoja cha kumweleza mgeni ni nani waliolichimba, lini, na kwa idhini ya nani.

Swali la idhini ndilo kiini cha makala haya. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Sheria hiyo ilitamka kwamba ardhi ya hifadhi imetengwa kwa manufaa ya wenyeji milele. Iliongeza kwamba endapo kipande kitatwaliwa kwa shughuli ya umma, sharti wenyeji wapewe ardhi nyingine ya kadiri ile ile, na sharti baraza lao liulizwe kwanza. Kwa watu waliokuwa wameshuhudia majirani zao wakinyang'anywa ardhi, ahadi hiyo haikuwa jambo dogo.

Kisha dhahabu ikaonekana. Mwezi wa Desemba 1932 Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi liliibadilisha sheria ile. Sasa ardhi yenye madini ingeweza kutolewa katika hifadhi bila wenyeji kupewa ardhi badala yake, fidia ingelipwa kwa fedha, na baraza la wenyeji halikuwa lazima liulizwe. "Milele" ilikuwa imedumu miaka miwili tu.

Kelele zilipigwa. Lord Lugard, ambaye hakuna awezaye kumwita adui wa ukoloni, alikuwa miongoni mwa waliolalamika huko Uingereza kwamba ahadi imevunjwa, na mapema mwaka 1933 suala hilo lilijadiliwa bungeni London. Huku kwetu, Archdeacon Owen wa kanisa la Kianglikana aliikosoa serikali waziwazi. Wenyeji nao hawakukaa kimya. Hofu ya kupoteza ardhi ilikuwa mojawapo ya sababu zilizowasukuma vijana waliosoma kuunda chama cha North Kavirondo Central Association, kilichokuwa miongoni mwa vyama vya kwanza vya siasa katika eneo hilo. Hata hivyo sheria iliyobadilishwa haikurudishwa.

Mimi si mwanasheria. Lakini mwanaisimu ana haki ya kuuliza neno lina maana gani katika kinywa cha anayelitamka na katika sikio la anayelisikia. Kwa aliyeandika sheria, "milele" ilikuwa na maana ya "hadi hapo tutakapoamua vinginevyo". Kwa mzee wa Idakho aliyeelezwa sheria hiyo barazani na mkalimani, milele ilikuwa milele. Watu wawili walidhani wamekubaliana, kumbe kila mmoja alikuwa akizungumza jambo lake. Na kama ilivyo kawaida, mwenye kalamu ndiye aliyeshinda.

Baada ya Lirhanda nilielekea Rosterman, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Huu ulikuwa mgodi mkubwa kuliko yote ya eneo hilo, na ulifungwa mwaka 1952. Wachimbaji wadogo walikuwa wameondoka zamani, maana dhahabu ya mitoni huisha upesi, na dhahabu iliyo ndani ya mwamba huhitaji mitambo na mtaji. Leo Rosterman ni jina la mtaa. Watoto hulitaja jina hilo kila siku waendapo shuleni, na nilipowauliza vijana wawili wa bodaboda maana yake, mmoja alinijibu kwa upole, "Ni jina tu, mwalimu."

Hakuna jina lililo jina tu. Kusini-magharibi ya hapo kuna Ikolomani, na wenyeji wengi husimulia kwamba jina hilo ni maneno ya Kiingereza ya "mgodi wa dhahabu" yaliyopitia katika vinywa vya Waidakho. Hadithi za namna hii hazina budi kupimwa. Sauti ya g kugeuka k ni jambo la kawaida katika lugha hiyo. Konsonanti mbili zinazoandamana kutenganishwa kwa irabu, au mojawapo kuangushwa, ni kawaida vilevile. Kiambishi i- cha mwanzo kiko katika nomino nyingi za Kiluyia, zikiwemo za mkopo. Kinachosumbua ni mwisho wa neno, ambao tungeutarajia uwe "-maini" wala si "-mani". Kwa hiyo nasema hadithi hiyo ina uwezekano, ila haijathibitishwa. La maana zaidi kwangu ni kwamba watu wenyewe wameichagua. Jamii inayosimulia kwamba jina la kwao limetokana na machimbo inatwambia kwamba machimbo hayo hayajapita.

Lugha ya Kiswahili nayo ina kumbukumbu zake za dhahabu. Neno dhahabu ni la Kiarabu, na pwani yetu iliitajirisha Kilwa kwa kuuza dhahabu iliyoletwa Sofala kutoka bara. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, miaka 600 kamili kabla ya Johnson, akasikia habari za dhahabu hiyo. Misikiti ya Kilwa bado yasimama. Waliochimba dhahabu yenyewe, mbali huko bara, hakuna aliyeyaandika majina yao.

Nilimaliza safari yangu kwa miguu, kutoka Malinya kuelekea Isulu na Bushiangala. Njia hupita kati ya migomba, mahindi na nyumba zilizokaribiana sana, maana nchi hii imejaa watu. Machimbo yako nyuma ya nyumba hizo. Wanaume hushuka kwa kamba katika mashimo membamba yaliyoshikiliwa na magogo, na si mara moja mashimo ya namna hiyo yameporomoka na kuua watu. Wanawake hukaa juani wakiponda mawe kwa nyundo. Unga wake huoshwa katika mifereji ya mbao iliyotandikwa magunia, kisha dhahabu hukusanywa kwa zebaki. Niliona mama mmoja akiichanganya zebaki hiyo ndani ya karai kwa mikono mitupu, mtoto mgongoni. Zebaki hudhuru ubongo na figo, na mtoto ndiye huumia zaidi. Lakini mtu ambaye chakula cha jioni kimo ndani ya karai hawezi kuiacha kwa kuhubiriwa tu.

"Mulembe, mama," nilimsalimu.

"Mulembe, mwalimu. Nimeambiwa wewe ni mtu wa lugha," alisema. "Basi nisomee hii."

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, aliyopewa katika mkutano. Kampuni za kigeni zimekuwa zikipima miamba ya sehemu hizi kwa miaka mingi sasa, na habari ya watu kuhamishwa ili mgodi mkubwa uchimbwe imekuwa gumzo la kila boma. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza tupu, Kiingereza cha mawakili, chenye sentensi zisizokoma. Nilipofika penye neno lenye maana ya kuhamishwa na kupewa makao mapya, mama alinikatiza. "Makao mapya ni wapi?" Nikapekua ukurasa mzima. Haikuandikwa.

"Na makaburi je?" aliuliza tena. "Baba wa watoto wangu amelala pale." Akaonyesha kwa kidevu penye mgomba. Hata hilo halikuandikwa.

Nilimwambia kweli, kwamba mimi mwenye shahada tatu nilikuwa nimeisoma ile karatasi mara mbili na bado sikuwa na hakika inaahidi nini. Alicheka kidogo, akaikunja. "Sasa, mwalimu, kama wewe hujui, mimi ningetia sahihi nini?"

Nadhani hapo ndipo mwaka 1932 na wakati wetu vinapokutana. Tofauti zipo, na ni haki kuzitaja. Katiba ya 2010 inaagiza kwamba mtu anayenyang'anywa mali yake kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki, kamili na bila kuchelewa, na inaruhusu hata asiye na hati miliki afidiwe. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii ya mahali. Wachimbaji wadogo nao wametambuliwa na sheria hiyo. Mzee wa 1932 hakuwa na lolote kati ya haya.

Lakini haki isiyoeleweka na mwenyewe ni sawa na fedha zilizofungiwa katika sanduku ambalo ufunguo wake anao jirani. Katiba hiyo hiyo inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na inaitaka serikali kulinda lugha za wananchi. Basi napendekeza jambo lililo wazi. Makubaliano yoyote ya kuhamisha watu kwa ajili ya madini, nchini kote, yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe kwa lugha ya mahali, na pasiwe na sahihi halali juu ya karatasi ambayo mtia sahihi hakuielewa. Wataalamu wa tafsiri tunao, na vyuo vyetu vinawafunza kila mwaka. Watakaosema kwamba kazi hiyo ina gharama kubwa na walinganishe gharama hiyo na thamani ya dhahabu yenyewe.

Pendekezo la pili ni dogo. Kaunti ya Kakamega iifanye njia niliyoipita, kuanzia mto Yala hadi Lirhanda, Rosterman na Ikolomani, kuwa njia ya kumbukumbu yenye vibao, na vijana wa huko waajiriwe kuwaongoza wageni. Watalii tayari huja kutazama ndege msituni, na ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Wageni hao wangekaa siku moja zaidi wakisikia habari ya dhahabu. Pale penye mdomo wa handaki la popo ningependa kiwekwe kibao kimoja kwa lugha tatu, kinachoeleza kwamba mwaka 1930 watu wa nchi hii waliahidiwa ardhi yao milele, na kwamba mwaka 1932 ahadi hiyo ilibadilishwa bila wao kuulizwa.

Nilipoondoka Isulu jua lilikuwa limeinama na mama yule alikuwa amerudi penye karai lake. Ile karatasi alikuwa ameichomeka kifuani, bila sahihi. Aliniambia angeingojea nyingine, iliyoandikwa kwa maneno ambayo hata kitinda mimba wake, aliye darasa la nne, anaweza kumsomea. Sioni kwamba ameomba kitu kikubwa. Ahadi ni deni, na mwenye kudai ana haki ya kujua anachodai.